Usukani Uliokaa Upande: Mwongozo wa Kuitambua Kazi Nzuri ya Alaimenti

Gari linakwenda sawa barabarani, lakini ili liende sawa inabidi ushike usukani ukiwa umelala kidogo, nembo ya katikati ikielekea dirishani. Wenye magari wengi hulizoea jambo hili ndani ya wiki moja wakaacha kuliona. Kwangu ni kosa kulizoea. Usukani ndicho kipimo pekee cha hali ya magurudumu ambacho dereva hukaa nacho mkononi kila siku. Ukikaa upande, ama kuna fundi aliyeacha kazi njiani, ama kuna chuma kilichopinda huko chini, na inafaa ujue ni lipi kabla hujamwachia mtu funguo.

Tenganisha kwanza mambo mawili ambayo hata gereji kubwa huyachanganya. Gari linalovuta ni lile ambalo ukilegeza mikono linahama njia. Gari lenye usukani uliokaa upande, ukilegeza mikono linaendelea kunyooka na usukani unabaki umelala palepale. Kuvuta mara nyingi hutokana na tairi lenyewe, upepo usiolingana, breki inayong'ang'ania gurudumu moja, au kemba (kulala kwa gurudumu ndani au nje) na kasta (kuinama kwa mhimili wa kugeuzia gurudumu mbele au nyuma) zinazotofautiana kati ya kushoto na kulia. Ukilishuku tairi, hamisha mawili ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, isipokuwa yana mshale wa upande wa kuzunguka. Mvuto ukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi na hakuna alaimenti itakayoliponya. Usukani kukaa upande hutokana na tou, yaani mwelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu, au na namna usukani wenyewe ulivyofungwa.

Barabara nayo hudanganya. Lami hujengwa ikiinama kutoka katikati ili maji ya mvua yatiririke, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo hata gari zima litateleza polepole kuelekea kushoto, na dereva atakuwa ameukata usukani kulia kidogo bila kujua. Pima mahali tambarare, kama uwanja mpana wa maegesho asubuhi ya Jumapili, matairi yakiwa ya baridi na upepo umewekwa kama kibao cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinavyosema.

Jicho halitoshi kwa kipimo hiki. Weka usukani wima, bandika kipande chembamba cha selotepu ya karatasi juu kabisa ya duara lake, na kingine mkabala wake kwenye kava la nyuma. Endesha ukinyoosha, kisha mwombe uliyekaa naye apime umbali kati ya vipande viwili. Usukani wa kawaida una kipenyo cha sentimita 37 hivi, kwa hiyo kila sentimita 1 ya mwachano ni digrii 3. Chini ya nusu sentimita mimi huacha. Kuanzia sentimita 1 kwenda juu, kuna kazi.

Jaribio linalofuata ndilo ninalolithamini kuliko yote, na halihitaji mashine. Linajibu swali ambalo mafundi wengi hawajiulizi: kosa liko juu, kwenye usukani na nguzo yake, au liko chini kwenye magurudumu? Injini ikiwa inaunguruma ili steringi iwe nyepesi, gari likiwa limesimama, weka usukani wima. Uzungushe mpaka mwisho wa kushoto ukihesabu mizunguko, rudi wima, kisha hesabu mpaka mwisho wa kulia. Usiung'ang'anie kwenye mwisho, pampu inaumia. Pande mbili zikilingana, usukani umekaa vizuri juu ya raki, ile fimbo yenye meno inayosogea kushoto na kulia. Kosa basi liko kwenye tairodi, zile fimbo zinazounganisha raki na magurudumu, au kwenye magurudumu ya nyuma.

Zisipolingana, kuna mtu aliyewahi kuuchomoa usukani au kufungua jointi ya nguzo yake, akairudisha jino moja pembeni. Kwenye shafti nyingi jino moja ni digrii 10 hivi. Tofauti kati ya pande mbili inakuwa maradufu, na selotepu itaionyesha waziwazi. Hali hii hupatikana sana kwenye magari yaliyoshushwa giaboksi au krosmemba, ile boriti ya chini ya injini, kwa sababu jointi hiyo hufunguliwa ili kazi ipite. Gari likirudi kutoka kwenye kazi ya klachi huku usukani umelala, dai jointi irudishwe mahali pake. Usikubali tairodi ziguswe. Tou haikuharibika, na kuigusa ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Chini ya gari ndiko fundi anapojulikana. Anayejiheshimu hunyanyua mbele kwa jeki kabla hajataja bei. Hushika gurudumu kulia na kushoto akalitikisa: likicheza, ni tairodi au rakendi, jointi ya tairodi iliyo kwenye raki. Kisha hulishika juu na chini: likicheza, ni bolijointi au beringi. Huchungulia bushi za amu, ile mikono inayoshikilia gurudumu, kama zimechanika. Alaimenti ikifanywa juu ya tairodi inayocheza, vipimo vinahama kwenye tuta la kwanza, na huyo aliyekufanyia bila kutikisa amekuuzia karatasi tu. Halafu hupitisha kiganja kwenye uso wa tairi, kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Kikipita laini upande mmoja na kukwaruzwa upande mwingine kama kwenye meno ya msumeno, tou imekuwa mbaya kwa muda mrefu, hata kama dereva hajahisi lolote.

Muulize pia kuhusu nyuzi za tairodi zinazoonekana nje ya noti ya kufungia. Kushoto na kulia zilingane, na tofauti ya milimita mbili tatu haina neno. Zikiachana kwa sentimita nzima, ama mtu alirekebisha upande mmoja tu, ama kuna amu iliyopinda au krosmemba iliyosogea, na fundi fulani akaifidia kwa tairodi. Hili lizingatie hasa kama usukani ulikuwa wima jana na leo umelala baada ya kuingia shimoni au kupanda ukingo wa barabara. Gari la namna hiyo linahitaji kutafutiwa chuma kilichopinda kabla ya kitu kingine chochote.

Nyuma ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Gari hufuata mwelekeo wa magurudumu ya nyuma. Ekseli ya nyuma ikielekea kulia hata kidogo, inasukuma mkia kulia na pua inataka kugeuka kushoto, kwa hiyo dereva anakata kulia ili anyooke. Hata mbele pakiwekwa sawasawa kabisa, usukani utalala kulia vilevile. Na kwa kuwa magari mengi madogo yana uwiano wa steringi wa kama 15 kwa 1, digrii moja kwenye magurudumu huwa digrii 15 mkononi mwa dereva.

Hapo ndipo karatasi ya mashine inapodanganya bila kusema uongo. Chukua gari ambalo kila gurudumu la mbele linaruhusiwa kuwa na tou kati ya digrii hasi 0.1 na chanya 0.1, chanya ikiwa ni kuelekea ndani. La kushoto likiwa chanya 0.1 na la kulia hasi 0.1, yote mawili yanaelekea kulia, na mashine inayapaka kijani. Ekseli ya nyuma ikielekea kushoto kwa digrii 0.15, nayo inaweza kuwa kijani. Makosa haya mawili yanasukuma gari upande mmoja, jumla yake ni 0.25, na ukizidisha kwa 15 unapata usukani uliolala kushoto karibu digrii 4. Kila namba ni ya kijani na usukani umepinda. Fundi akikuonyesha rangi peke yake, mwambie akusomee namba za kila gurudumu, pamoja na mwelekeo wa ekseli ya nyuma. Anayeweza kukueleza namba hizo kwa maneno yake mwenyewe ndiye wa kurudi kwake.

Mtazame akifanya kazi. Baada ya kutundika vibao kwenye rimu, asukume gari nyuma na mbele kidogo ili mashine iondoe kosa la rimu zilizopinda, na kwa barabara zetu zipo nyingi. Aanze kurekebisha nyuma kama panarekebishika. Akija mbele, awashe injini, azungushe usukani kushoto na kulia, auache ujitulize katikati, aunyooshe, ndipo aufunge kwa kile kifaa cha kubana dhidi ya kiti. Wengi huruka hatua hii, au huuegemeza usukani kwa goti. Kisha arekebishe kila tairodi peke yake mpaka ifike kwenye namba yake. Kabla ya kuzungusha fimbo alegeze bana ya mpira wa rakendi, ule wa mikunjo, ili usijiviringe na kuchanika. Ukiinama baada ya kazi ukaukuta mpira umesokotwa, umeshajua fundi huyo ni wa namna gani. Mwisho akaze noti za kufungia huku ameishika fimbo kwa spana ya pili, kwa sababu fimbo isiposhikwa huzunguka na noti na vipimo vinapotea dakika ileile.

Anayetaka kunyoosha usukani mwenyewe, akiwa na hakika kwamba tou ya jumla ni nzuri, anaweza. Kwenye magari mengi ya Toyota yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, raki iko nyuma ya mstari wa ekseli. Usukani ukilala kushoto gari likienda sawa, fupisha tairodi ya kushoto na refusha ya kulia kwa kiasi kilekile. Raki ikiwa mbele ya ekseli, fanya kinyume. Mzunguko mzima wa fimbo zote mbili huhamisha usukani kwa kadiri ya digrii 10, kwa hiyo nenda kwa robo mzunguko, endesha, pima, rudia. Mizunguko isipolingana, umeivunja tou na matairi yatalipia.

Kuna njia ya mkato ambayo siikubali hata kwa bure: kuuchomoa usukani na kuurudisha jino moja pembeni ili uonekane wima. Kosa linabaki chini, raki inafanya kazi nje ya kati yake, na kona ya upande mmoja inakuwa pana kuliko ya mwingine. Kwenye gari lenye mfuko wa hewa ni hatari pia. Waya wa betri lazima utolewe, na mwongozo wa Toyota hutaka kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Utepe wa nyaya ulio nyuma ya usukani ukirudishwa bila kuwa katikati yake, utakatika siku ya kupiga kona kali. Magari yenye udhibiti wa kuteleza yana kihisi cha pembe ya usukani. Gari la namna hiyo, baada ya alaimenti, kihisi chake kirudishwe sifuri kwa kompyuta, la sivyo taa ya dashibodi inaweza kuwaka.

Usimdharau fundi wa kamba. Katika eneo la Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road jijini Nairobi wapo wanaonyoosha magari kwa nyuzi mbili na futi ya chuma, na mzuri kati yao namwamini kuliko kijana aliyepewa mashine bila kufundishwa. Alama yake ni hii: anavuta kamba pande zote mbili, akizipima kutoka kitovu cha kila gurudumu, kwa kuwa upana wa mbele na wa nyuma wa gari haulingani. Anayelaza kamba ikigusa matairi ya nyuma bila kuhesabu tofauti hiyo anabahatisha.

Aina ya gari nayo huamua unachoweza kudai. Toyota IST, Vitz na Premio inayosukumwa na magurudumu mawili zina boriti moja nyuma isiyo na mahali pa kurekebisha tou. Ikipinda, huwekwa shimu, kipande chembamba cha chuma, kati ya habu na boriti, au mbele hupangwa kufuata nyuma ili usukani unyooke huku gari likienda mshazari kidogo. Njia hiyo ya pili ni halali mradi fundi akuambie. Subaru Forester ina bolti za kurekebisha nyuma, kwa hiyo hakuna udhuru.

Land Cruiser za namba 70 zinazobeba watalii Serengeti na Ngorongoro zina ekseli nzima mbele, na hapo mambo yanatengana vizuri: fimbo ndefu inayounganisha magurudumu huweka tou, na fimbo itokayo kwenye boksi ya steringi huweka usukani peke yake. Zile za koili mbele zikiinuliwa springi, fimbo ya kuzuia ekseli isiyumbe huivuta ekseli upande mmoja, na pembe ya ile ya boksi hubadilika, ndiyo maana usukani hulala siku hiyohiyo. Kuirekebisha fimbo ya boksi hurudisha usukani, lakini ekseli hubaki imehama mpaka uweke fimbo ya kuizuia inayorekebishika. Bei yake iingie kwenye hesabu siku unaponunua springi.