Mtazame Bawa la Nyuma

Mvua za masika zikianza kukatika Kisumu, utakuta vipepeo wengi wa kando ya Ziwa Viktoria wamechakaa: rangi imefifia, kingo zimeraruka, bawa limenyofolewa na ndege. Huo ndio wakati wa kumjua mtazamaji stadi, na hifadhi ndogo ya swala pala, inayotunzwa na shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, ufukweni tangu 1992, ni mahali pazuri pa kumwona akiwa kazini.

Kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi apitapo, mwenye haraka hutaja jina papo hapo. Stadi hunyamaza. Hulielekea jua ili kivuli chake kiangukie nyuma, maana kikimgusa tu kipepeo, huruka. Hungoja atue na kufungua mabawa, kisha hutazama bawa la nyuma. Vidoa vyeusi vitatu katikati: *Danaus chrysippus* jike. Vinne: dume. Kimoja tu, kwenye ukingo wa mbele: *Hypolimnas misippus* jike, mwigaji.

Kiwavi wa *Danaus* hula magugu yenye utomvu mweupe, na sumu yake hubaki mwilini hata akishaota mabawa. Ndege aliyemwonja hujifunza kumwepuka. *Hypolimnas* hana sumu hiyo, ila jike amevaa sare ileile. Ncha ya bawa haikuokoi, kwa kuwa wapo *Danaus* wasio na weusi huo, na waigaji wamewafuata hata hapo! Mimi sijui kazi ya macho inayonipendeza kuliko hii.

Ziwani hapa kazi hiyo ina historia. Daktari Mwingereza G. D. Hale Carpenter, aliyekuja Uganda kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuchunguza mbung'o na malale, aliwatazama vipepeo wa visiwa vya Sese kwa subira hiyohiyo. Aliona kwamba penye wachache wenye sumu, waigaji wao hawafanani nao sana. Ndege hawajapata funzo la kutosha, hivyo hata mwigo mbovu huponea. Kitabu chake kuhusu ziwa hili kilitoka 1920.

Nanyi wenye viwanja Dunga, hapa Kisumu, mnapofyeka, yaacheni magugu machache ya utomvu. Bila hayo, *Danaus* hana pa kutaga.