Uzito wa Chuma

Bastola ya chuma kitupu ina sifa moja ambayo wauzaji wa siku hizi wanaihesabu kasoro: ni nzito. Browning Hi-Power, ambayo ndiyo nitakayoisifu hapa, inakaribia kilo 1 kabla haijatiwa risasi hata moja. Glock 17, iliyojaa viunoni mwa polisi wa nusu ya dunia, ina gramu 600 na ushei, maana fremu yake ni ya plastiki. Asiyeona tofauti aifunge ile ya chuma kiunoni atembee pale Mbeya kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, kisha aje anieleze. Mimi niko upande wa ile nzito, na sababu yangu si ukale.

Ila huku kwetu mtu hawezi kuisifia silaha akaanza na fundi moja kwa moja, kana kwamba hakuna aliyewahi kufa. Iringa imeijua bunduki kwa machungu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, akaipakia maiti garini na kuifikisha mwenyewe polisi mjini. Naye baadaye akanyongwa. Nyuma zaidi, tarehe 19 Julai 1898, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi porini ili Wajerumani wasimkamate hai. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu lililorudishwa mwaka 1954 liko Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka Iringa mjini, ambako watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Anayesifia bastola akiwa mkoa huu anajua anachokisifia.

Na bado habari ya Wahehe na bunduki si ya kuonewa tu. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye Waswahili walikwisha kumbandika jina la Nyundo, kilivamiwa kwa mikuki kikiwa safarini, kimejipanga mstari mrefu. Nyundo akafa palepale. Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu, na jina la mahali pale ndilo baadaye lililopewa kambi ya jeshi ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Colito. Kinachonivuta mimi ni yaliyofuata. Shehena yote ile haikumfaa Mkwawa kama mtu anavyoweza kudhani, kwa sababu bunduki ya kisasa bila risasi zake ni rungu la gharama, na risasi zile hazikuwa zikitengenezwa Kalenga. Mkuki ukivunjika, mhunzi alikuwa jirani. Mauser ikikwama, fundi wake alikuwa Oberndorf, Ujerumani.

Mwaka mmoja kabla ya Lugalo, mataifa makubwa yalikuwa yamekutana Brussels na kukubaliana kwamba bunduki za kisasa zizuiwe kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Zile za zamani, za kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, zikaachiwa mlango. Gobore likawa letu kwa mkataba ambao hatukuusaini. Na magobore mengi yaliyouzwa Afrika yalitoka mji mmoja wa Ubelgiji, Liège, ambako mafundi walifua mitutu majumbani mwao kwa malipo ya kipande, bunduki zikafungwa makashani, zikashushwa Unguja, kisha zikapanda bara mabegani mwa wapagazi. Zilikuwa bunduki za bei ya chini kabisa, nyingine za kumhatarisha mpigaji kuliko mpigwaji. Sasa angalia: kando ya mji huohuo, Herstal, ndiko kilikoanzishwa mwaka 1889 kiwanda cha Fabrique Nationale, na humo ndimo ilimotoka Hi-Power. Waliotuuzia gobore ndio waliotengeneza bastola ninayoiona bora kuliko zote za karne iliyopita. Ufundi walikuwa nao siku zote. Walichokuwa wakikipima ni mnunuzi.

John Moses Browning alizaliwa ndani ya karakana, tunaweza kusema. Baba yake alikuwa fundi bunduki huko Ogden, Utah, Marekani, na mtoto akakulia kwenye tupa na vumbi la chuma. Alikufa mwaka 1926 huko Liège, akiwa kazini. Bastola aliyoiacha njiani ilikamilishwa na Mbelgiji Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935. Walioichokoza kazi hiyo walikuwa Wafaransa, waliotaka bastola ya jeshi kwa masharti yao, mojawapo likiwa kwamba kasha la risasi likichomolewa bastola isifyatuke. Sharti likatimizwa, halafu Wafaransa wakachukua bastola nyingine. Kile kipande cha usalama kikabaki humo ndani, kikiifanya triga iwe na mkwaruzo mdogo unaowaudhi wenye bastola hizi mpaka leo. Vita vya pili vilipofika, Wajerumani waliiteka Herstal wakaendelea kuitengeneza kwa ajili yao, na Saive, aliyekimbilia Uingereza, akasaidia kuirudisha michoro yake ili itengenezwe Toronto kwa ajili ya maadui wa Wajerumani. Jeshi la Uingereza liliibeba mpaka karne hii.

Niliyepata kuishika kwake ni mzee mmoja mstaafu wa Iringa, mwenye leseni yake halali, ambaye sitamtaja. Ukimwomba akuonyeshe, hakukabidhi. Anachomoa kasha la risasi, anaivuta slaidi nyuma, anachungulia chemba, kisha anaingiza ncha ya kidole kidogo mle ndani.

"Macho yanazoea, mwanangu," anasema. "Kidole hakizoei."

Ndipo anapoifungua. Slaidi inavutwa nyuma na kufungwa, pini ya ubavuni inasukumwa kutoka upande wa pili, na slaidi nzima inatelezeshwa mbele mpaka inatoka kwenye fremu. Hakuna bisibisi wala nyundo. Juu ya gazeti vinabaki vipande vichache: fremu, slaidi, springi na fimbo yake, mtutu. Uchukue mtutu uugeuze. Chini yake kuna nundu iliyochongwa mshazari, na hapo ndipo akili ya Browning ilipolala. Risasi ikilipuka, mtutu na slaidi hurudi nyuma pamoja, vimeshikana kwa meno yaliyochongwa juu ya mtutu, safari ya milimita chache tu, hadi risasi iwe imekwisha kutoka na msukumo kupungua. Hapo ile nundu inakutana na kizuizi ndani ya fremu, mkia wa mtutu unavutwa chini, meno yanaachana, na slaidi inaendelea peke yake: inang'oa ganda, inalitupa nje, inaikoki nyundo. Springi inairudisha, ikiwa imebeba risasi mpya. Katika bastola yake ya zamani, ile ya 1911, kazi ya kuushusha mtutu ilifanywa na kiungo kidogo chenye kucheza. Hapa kiungo kimeondolewa na nafasi yake imechukuliwa na umbo. Sijui sifa kubwa zaidi ya kumpa fundi kuliko hiyo, kwamba alipunguza kipande na kazi ikaendelea kufanyika.

Mzee huniambia niirudishe slaidi kwenye fremu bila springi, niiendeshe kwa kidole. Inakwenda na kurudi kwa uzito wake wenyewe ukiinamisha mkono. Haikwami, na ukiitikisa ubavu kwa ubavu haigongi. Mashine ndiyo iliyochonga, kweli, lakini za miaka ile zilimaliziwa na mtu aliyekaa na tupa, akajaribu, akaondoa kidogo, akajaribu tena. Plastiki humiminwa kwenye kalibu, ikitoka imetoka. Chuma unakifikia taratibu, na ukizidisha tupa mara moja hakuna kurudisha.

Kazi hiyo haikuwa ngeni nyanda hizi. Wafipa walijenga matanuri ya udongo marefu kumzidi mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto, na chuma kilichotoka humo kikasafishwa mara ya pili katika tanuri dogo lenye mivukuto. Wanyiha wa Mbozi nao walikuwa wahunzi wa sifa. Majembe ya viwandani yaliwaua kibiashara, si kwa ubora bali kwa bei. Ukitaka kuona mabaki ya mkono ule, tafuta mafundi wa Mbeya wanaofua mapanga na majembe kutokana na springi kuukuu za magari: mmoja ameshika koleo, mwingine nyundo, na anayeongoza hagongi kwa nguvu, anagonga kuonyesha mahali. Na hukohuko Mbozi, siku hizi mkoa wa Songwe, kuna kile kimondo cha tani zinazokadiriwa 16, karibu chote chuma, chenye nikeli kidogo. Wataalamu walipotaka kukata sampuli yake miaka ya 1930, msumeno ulifanya kazi saa nyingi kwa kipande kisichozidi kiganja. Wahunzi wa kale walikiacha kilivyo, na sidhani walikosa akili.

Kuinunua bastola ni habari nyingine, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu karatasi hazina utamu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimjui mpenzi wa ufundi. Inamjua mwombaji: barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kamati za ulinzi na usalama, alama za vidole, polisi, na sababu ya kueleweka. Wapo wanaolalamika kwamba njia ni ndefu. Mimi naona ndefu ni sawasawa. Mtu asiyeweza kuvumilia foleni ya ofisi ya kata sitaki awe jirani yangu mwenye bastola.

Kwa kuwa Fabrique Nationale iliacha kuitengeneza Hi-Power ile ya asili mwaka 2018, anayeitaka atapata iliyokwisha kutumika. Usidanganywe na mng'aro wa nje. Rangi ile nyeusi yenye buluu inaweza kupakwa upya mchana mmoja. Tazama reli za fremu kama zimelika upande mmoja. Tazama yale meno juu ya mtutu: yakiwa na kingo zilizoviringika, imepigwa sana, au imepigwa kwa springi iliyochoka, ambayo ni mbaya zaidi. Kisha, mwenyewe akikuruhusu, fungua vibao vya mbao vya kishikio, kwa sababu kutu hujificha mle, kwenye jasho la viganja vya watu waliokwisha kufa. Mbeya na Tukuyu, kwa ukungu na mvua zake, chuma kisichofutwa hupata madoa ndani ya msimu mmoja. Mzee wa Iringa, ambako hewa ni kavu kidogo, anatumia mafuta ya cherehani na kitambaa cha fulana, na hutamwona akiyamimina. Tone moja kila reli.

Uzito sasa. Aliyepita JKT Mafinga au Itende amefundishwa SMG, mara nyingi akilenga shabaha akiwa amelala kifudifudi, kitako kimeegemea bega, ardhi ikimsaidia. Bastola haina bega wala ardhi. Ipo mwisho wa mikono miwili iliyonyooshwa, na kila pumzi, kila wasiwasi, kila pigo la moyo hufika kwenye mdomo wa mtutu. Ile nyepesi hutetemeka nawe. Ile nzito inachelewa kutetemeka, na katika kuchelewa huko ndipo shabaha hupatikana. Risasi ikitoka, msukumo unapaswa kwanza uisogeze kilo nzima ya chuma kabla haujakufikia wewe, kwa hiyo mkono hauruki, unasukumwa. Triga haivutwi, inabonyezwa polepole, mpaka mlio ukushtue mwenyewe. Ukijua ni lini italia, umekwisha kukosa, kwa kuwa mwili hujikunja kuusubiri. Jicho linakaa kwenye kilengeo cha mbele, na shabaha inaachwa iwe ukungu, jambo ambalo wanaoanza hawaliamini.

Uwanjani mzee hupiga risasi chache, kwa kuwa ni ghali, na kati ya moja na nyingine hushusha mikono akapumzika. Mwenye haraka angesema anazeeka. Nimemwona akiinua, akalenga, akakaa hivyo, kisha akashusha bila kufyatua. Nilipomuuliza alijibu kwamba pumzi ilikuwa imekwisha kabla ya triga, basi. Vijana waliokuwa kando yetu, na bastola zao za plastiki zenye risasi 17 kila kasha, walikuwa wamekwisha kumaliza na kuokota maganda. Karatasi zao zilikuwa na matundu mengi. Yake ilikuwa na tundu moja pana lenye kingo zilizochanika.

Watoto wake wa kiume wako Dar es Salaam. Mkubwa alipokuja Desemba aliipima mkononi akasema, "Baba, uza hii, tafuta nyepesi." Mzee hakumjibu. Anajua kwamba siku atakapofariki bastola itapelekwa polisi, na anayeitaka hatairithi kama shamba au saa ya mkononi, bali ataanza mwanzo kabisa, kwa mwenyekiti wa mtaa. Wa kiume hawana subira hiyo. Binti yake wa tatu, mwalimu wa hisabati huko Mafinga, alipita JKT na alama zake za shabaha ziliwaacha mbali kaka zake. Yeye ndiye anayeifuta siku akija likizo, baba akiwa amekaa pembeni anaangalia vidole vyake, na amekwisha kuuliza fomu zinatolewa ofisi gani.