Kiayalandi: Kubadilika kwa nomino si fujo

WAPO wanaoshikilia kwamba Kiayalandi ni lugha ya fujo kwa kuwa nomino zake hubadilika mwanzoni. Dai hilo halina mashiko. Kasoro imo katika namna mabadiliko hayo yanavyofunzwa.

Chukua nomino ‘bean’, yaani mwanamke. Ikitanguliwa na kibainishi ‘an’ huwa ‘an bhean’, na b hulainika ikatamkwa kama v. Lakini ‘fear’, mwanamume, hubaki ‘an fear’. Nyumba ya mwanamume nayo ni ‘teach an fhir’, ambapo ‘fh’ haitamkwi kabisa! Mwanafunzi akipewa jedwali tu akariri, ataona anaadhibiwa.

Hebu aelezwe historia. Hapo kale, kibainishi cha nomino za kike kiliishia kwa irabu, na konsonanti iliyofuata, ikiwa katikati ya irabu mbili, ikalegea. Umbo la umilikishi la kibainishi cha kiume pia liliishia kwa irabu. Irabu hizo zilitoweka, athari yake ikabaki. Kanuni ni moja, si mbili.

Vivyo hivyo, kihusishi ‘i’ (katika) kiliwahi kuwa na nazali. Ndiyo maana Baile Átha Cliath, jina la Kiayalandi la Dublin, huwa ‘i mBaile Átha Cliath’: m hutamkwa, B hunyamaza. Hali hii huitwa ‘urú’, neno litumikalo pia kwa kupatwa kwa jua. Sisi nasi husema ‘mti mrefu’ lakini ‘kamba ndefu’. Nazali imeigeuza r kuwa d, na hakuna anayelalamika eti Kiswahili kimeparaganyika.

Tena, tahajia ya Kiayalandi ina huruma kwa msomaji. B ya asili haifutwi, hivyo neno hupatikana kwa urahisi kamusini. Kiwelisi hufuta: Caerdydd, yaani Cardiff, huwa ‘yng Nghaerdydd’, na mgeni huitafuta C asiione.

Utata halisi uko kwingine. Kihusishi na kibainishi vikiandamana, wasemaji wa Munster na Connacht husema ‘ar an mbord’ (juu ya meza), ilhali wa Ulster husema ‘ar an bhord’. Sarufi rasmi, An Caighdeán Oifigiúil, iliyotolewa 1958 na kurekebishwa baadaye, hukubali njia zote mbili. Hata hivyo, ‘mbord’ ndiyo huwekwa katikati ya mfumo, na ‘bhord’ ikaachwa pembeni kama jambo la kuvumiliwa.

Hapo ndipo penye hatari. Wanafunzi wengi Ayalandi hukutana na lugha hii darasani, si nyumbani. Mtoto wa Donegal aliyeipata kwa nyanya yake ni hazina. Mwalimu akimpigia mstari mwekundu kwa kuandika ‘ar an bhord’, anamfunza kwamba lugha ya kwao ni makosa. Lugha yenye wasemaji wachache wa kuzaliwa nayo haiwezi kumudu hasara hiyo.

Usanifishaji una faida zake: vitabu, mitihani na sheria huhitaji umbo linaloeleweka kote. Lakini sarufi nzuri hueleza kwa nini konsonanti imebadilika kabla ya kuamua nani amekosea. Ikifanya hivyo, ‘mbord’ na ‘bhord’ zitaonekana zilivyo: mahame mawili ya sauti zilizopotea, na yote bado yana wakazi.