Chuchu ya Wino kwenye Ngozi Nyeusi

Chuchu inayochorwa kwa wino baada ya titi lililokatwa kwa sababu ya saratani kujengwa upya haina kimo hata kidogo. Ukiipapasa unakuta ngozi tambarare. Jicho ndilo linaloona kitu kimechomoza, na linaona hivyo kwa sababu mchoraji amepanga kivuli na mwanga mahali panapostahili. Tumezoea mwanga utokao juu, uwe wa jua au wa taa ya darini. Kwa hiyo akikoleza rangi chini ya chuchu na kuacha upande wa juu uwe mwepesi, ubongo unajaza wenyewe kile ambacho hakipo.

Madaktari waliifikia mbinu hii baada ya kuhangaika na nyingine. Walikuwa wakikunja vipande vidogo vya ngozi ya titi jipya ili kupata chuchu, kisha duara linaloizunguka wakalitengeneza kwa kupandikiza ngozi iliyokatwa karibu na kinena, ambayo kwa kawaida ni nyeusi zaidi. Chuchu ya kukunja hunywea kadiri kovu linavyokomaa, mara nyingi kwa nusu ya kimo chake au zaidi, na mgonjwa anabaki na jeraha jingine la kuuguza. Mwaka 1975 daktari wa Marekani Thomas Rees alichapisha, katika jarida la Plastic and Reconstructive Surgery, taarifa ya mgonjwa aliyetengenezewa duara la chuchu kwa ngozi iliyotiwa rangi na kuhamishwa. Rees si mgeni kwetu. Ndiye yule aliyeungana na Michael Wood na Archibald McIndoe mwaka 1957 kuanzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni shirika la afya la Amref. Mwaka 1986 Hilton Becker naye aliandika juu ya kutia rangi ndani ya ngozi ili kukamilisha chuchu na duara lake. Wachora tatuu wenyewe, akiwemo Vinnie Myers wa Maryland, waliingia baadaye na kuleta ujuzi wa kivuli. Naamini hapo ndipo kazi ilipopevuka, maana daktari alikuwa akipaka duara la rangi moja, lakini mchoraji amefundishwa kutazama.

Tatizo ni kwamba vipimo vingi vya rangi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Wino wa tatuu hukaa katika tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi, ambako seli za ulinzi huumeza na kuushikilia. Rangi ya asili ya Mwafrika imo katika tabaka la juu yake. Hivyo wino wote unaonekana kupitia weusi huo, kama picha iliyofunikwa kwa kanga nyepesi. Waridi na hudhurungi hafifu vinavyompendeza mwanamke wa London vikiwekwa kwa mwanamke wa Nandagala, wilayani Ruangwa, vitazama visionekane, au vitageuka kijivu. Kwake inahitajika hudhurungi iliyokolea yenye wekundu ndani, na nyeusi kidogo ya kivuli. Rangi nyeupe ya titani, ambayo wachoraji wengi huitumia kuonyesha mng'ao, ni ya kuogopwa hapa, kwa sababu hubaki kama chokaa. Afadhali mng'ao uwe ni ngozi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa.

Kusini mwa Tanzania somo hili lina historia yake. Karl Weule, Mjerumani aliyezunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aliwakuta watu wenye nembo usoni, kifuani na mgongoni. Fundi wa Kimakonde alichanja kwa kisu kidogo cha chuma, akasugua ndani ya jeraha mkaa wa mbegu za nyonyo, na akitaka mistari iinuke alirudia kuchanja palepale. Wapo bibi wa Lindi na Mtwara ambao nembo zao bado zinasomeka baada ya miaka mingi. Fundi yule alijua mambo mawili ambayo mchora chuchu lazima ayajue. Kwanza, kaboni haififii kwa urahisi, ilhali rangi za oksidi ya chuma, zinazotumika sana kwenye chuchu, hufifia na mara nyingi huhitaji kurudiwa. Pili, ngozi nyeusi huinuka ikiumizwa mno. Yeye aliutafuta uvimbe huo. Mchora chuchu anapaswa kuukwepa kwa kila hali, kwa sababu kifua ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza kwa keloidi, yaani kovu linalovimba kupita kiasi. Mwanamke ambaye kovu lake la upasuaji tayari limevimba asikubali sindano kabla ya daktari kuliangalia.

Muda nao una sheria. Husubiriwa angalau miezi 3 baada ya upasuaji, na zaidi kama ngozi ilipigwa mionzi, kwani ngozi hiyo ni nyembamba, inapona polepole na haishiki rangi sawasawa. Juu ya kovu wino hutawanyika au hukataa kuingia, ndiyo maana mchoraji makini hupita hapo kwa mkono mwepesi na kurudi siku nyingine. Maumivu huwa madogo, kwa kuwa titi lililojengwa lina hisia chache. Siku za mwanzo rangi inatisha kwa ukali wake. Magamba yakishabanduka inapoa, na hukumu hutolewa baada ya wiki 6 hivi.

Usafi wa wino usichukuliwe kirahisi. Huko Rochester, New York, mwaka 2011, watu 19 walipata maambukizi ya bakteria wa jamii ya kifua kikuu kutoka kwenye wino wa kijivu uliochanganywa tayari.  Mtu aliyetoka kwenye dawa za saratani hana kinga ya kuchezea, kwa hiyo kazi hii mahali pake ni kliniki, na wino hauchanganywi kwa maji ya bomba.

Nchini kwetu saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa umeshakomaa. Kujengewa titi ni bahati ya wachache. Lakini wino unaweza kuchorwa hata kwenye kifua kilichobaki bapa, kovu likiwa tulivu, na mashine yake ni ndogo. Wauguzi wa vitengo vya upasuaji wanaweza kufundishwa.

Kipo pia kitu kisichohitaji mashine wala mafunzo. Mwanamke anayekatwa matiti yote mawili hana chuchu ya kulinganishia, na mchoraji hulazimika kubahatisha rangi, ukubwa na mahali. Aliyenyonyesha watoto wanne hana duara la msichana, na hapaswi kupewa la msichana. Basi, dada au mama unayesubiri upasuaji, omba upigwe picha ya kifua kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, kwenye mwanga wa mchana, ukiwa umesimama, rula ikiwa kando. Itunze mwenyewe.