Picha ya Mmea: Tazama Ulivyokua, Si Ulivyopendeza

Picha nyingi za maua husifiwa kwa kazi ambayo mpigapicha hakuifanya. Waridi lilikuwa zuri kabla kamera haijafika, na mtazamaji anayelishangilia huwa anaisifia bustani. Anayetaka kununua picha ya mmea, au kuamua ipi ishinde, inampasa kuuliza swali gumu zaidi: picha hii inaonyesha nini kuhusu namna mmea ulivyokua, ambacho jicho langu lingekipita? Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza, na rangi hufuata mbali nyuma. Ushahidi mmoja wa zamani ni kazi ya Anna Atkins wa Uingereza, aliyeanza mwaka 1843 kutoa kitabu cha picha za mwani bila hata lenzi. Alilaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa kemikali zenye madini ya chuma, njia ambayo mwanasayansi John Herschel alikuwa ameibuni mwaka uliotangulia, kisha akaiachia jua. Palipopigwa na mwanga pakawa buluu, palipofunikwa pakabaki peupe. Rangi halisi ya mwani haimo, wala unene wake haukupigwa kivuli. Hata hivyo sehemu nyembamba zimepitisha mwanga kidogo na kuingiwa na buluu, ilhali shina nene limebaki jeupe. Mtazamaji anasoma uzito wa mmea kwenye karatasi bapa, na hakuna waridi la rangi saba linalompa kiasi hicho.

Hapo wengine hupinga kwa kumtaja Karl Blossfeldt, na hoja yao ina nguvu. Mjerumani huyu, aliyejifunza uundaji kwenye kiwanda cha kusubu chuma kabla ya kufundisha chuo cha sanaa mjini Berlin, alipiga picha za mimea ili wanafunzi wake wajifunze maumbo, na mwaka 1928 zikatoka katika kitabu *Urformen der Kunst*. Vikono vya mboga na machipukizi ya kangaga yaliyojikunja aliyakuza, mara nyingine zaidi ya mara 20, mbele ya kadibodi tupu. Lakini alikata majani, akapogoa matawi, na hata negativu akazigusagusa. Je, huo si ulaghai? Nadhani tutofautishe kuondoa kinachoficha umbo na kubuni umbo. Jani lililokatwa ili kifundo cha shina kionekane halikudanganya kuhusu kifundo; mkunjo wa kangaga unaozidi kukazwa kuelekea ncha ni kazi ya chipukizi lenyewe. Mpaka unavukwa pale mkunjo unapochorwa na mkono, au shina linapopindwa kwa waya. Hakimu mzuri hufuata mstari mmoja kutoka chini hadi juu na kuona kama unene wake unabadilika kwa sababu inayoeleweka.

Kinachofuata ni mwanga, na hapa ndipo kazi nyingi huanguka. Mwaka 1930 mpigapicha Edward Weston aliweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati na kuacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa. Bati lilirudisha mwanga kwenye mikunjo, hivyo upande wa giza bado una umbile. Macho yanaweza kuzunguka pilipili nzima bila kutumbukia katika weusi mtupu. Mpigapicha mwenzake Imogen Cunningham alikabili tatizo lililo kinyume chake katika ua la magnolia la mwaka 1925 hivi: petali nyeupe zimejaza fremu nzima, na bado kila moja ina mteremko wake wa kijivu hafifu kuelekea kiini. Weupe uliokufa, usio na chochote ndani yake, ni kasoro nisiyoisamehe, hata ua likiwa adimu namna gani.

Atakuja mwingine aseme kwamba siku hizi programu huunganisha picha kadhaa hadi kila nywele ya jani iwe kali, na kwamba ukali huo ndio ufundi. Sikubali. Chukua nanasi: magamba yake hupanda kwa mizunguko inayopishana, mara nyingi 8 upande mmoja na 13 upande mwingine. Likipigwa kwa flashi ya usoni, kila gamba litakuwa kali na mpangilio utapotea, kwa kuwa hakuna kivuli cha kutenga safu na safu. Likipewa mwanga wa dirisha kutoka ubavuni, mizunguko hujitokeza hata kama ukingo wa tunda umefifia. Kwa hiyo picha ikiwa imesafishwa kwenye karatasi, itazame kwanza ukiwa mbali, pale ambapo ukali hauonekani kabisa. Kama mpangilio wa ukuaji bado unasomeka, sogea sasa ukague kingo, weusi na weupe wake. Kama hausomeki, kusogea hakutaongeza thamani yake.