Tendo Katika Mchoro: Uhakiki wa Katuni za Jarida la Sani kwa Jicho la Msomaji wa Ufipa

Uhakiki wa katuni za Kiswahili umeelemea zaidi kwenye maneno ya wahusika kuliko michoro yenyewe. Sehemu hii inajenga hoja kwamba katika jarida la Sani, lililoasisiwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo katika miaka ya 1970, hadithi hubebwa kwanza na mwili wa mhusika, kisha na maneno. Mtafiti alilifahamu jarida hilo utotoni, Sumbawanga. Kabla ya barabara ya Tunduma kuwekwa lami, nakala zilifika zimechelewa, na kwa kupita mikononi mwa wengi, maandishi yalififia. Hata hivyo, watoto wasiojua kusoma walicheka palepale alipocheka yeye. Swali ni hili: wao walisoma nini?

Jibu limo katika namna tendo linavyochorwa. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, alizoeleka katika mchoro mmoja unaonasa hali. Hadithi za picha nyingi mfululizo zilidai kitu kingine: mwendo. Wachoraji wa Sani, akiwamo Philip Ndunguru aliyefariki mwaka 1986, waliukabili mtihani huo. Mhusika anayekimbia hategemei mistari ya kasi pekee: kiwiliwili hutangulia miguu, ndala hubaki hewani, kivuli hutengana na nyayo. Kofi nalo aghalabu halionekani. Katika picha moja mkono umenyanyuliwa. Katika inayofuata shavu limevimba. Pigo lenyewe huachiwa msomaji, katika upenyo ulio kati ya picha hizo.

Tanakali za sauti nazo hupata umbo. Herufi za "puu!" hukua, huinama na kuvuka mpaka wa picha, kama fanani anavyopaza sauti na kuinuka kigodani. Kwa msomaji aliyelelewa na simulizi za kando ya moto, katika baridi ya uwanda wa Ufipa, ufundi huo haukuwa mgeni. Mtambaji hakusema tu kwamba sungura alikimbia. Alikimbia kwa mabega, akiwa ameketi.

Ufundi huu hauna budi kukosolewa pia. Mara nyingine maneno hujazwa hadi kumbana mhusika. Aidha, mwanamume hupewa tendo ilhali mwanamke huchorwa ili atazamwe: kanga imembana, mwili umetulia. Anaposhika mwiko na kumfukuza mumewe, mstari hupata uhai uleule. Kumbe tatizo si uwezo wa kalamu, bali uchaguzi wa mchoraji.

Kwa hiyo, mhakiki anayenakili mazungumzo pekee katika kiambatisho cha tasnifu ameacha nje sehemu kubwa ya matini. Karatasi za majarida haya zinaoza, na nakala zilizobaki mikononi mwa wasomaji ni chache. Kinachostahili kuhifadhiwa ni ukurasa mzima, pamoja na mikunjo yake na alama za vidole vya waliousoma.