Kusoma Plagi

Gari linarudi kwa mafundi likiwa limevutwa, injini kimya. Dereva aliizima mwishoni kabisa mwa mbio, mguu ukiwa bado umekandamiza mafuta, ili plagi zibaki na alama ya mbio yenyewe, zisije zikaharibiwa na mwendo wa polepole wa kurudi. Fundi anazifungua moja moja na kuzipanga kwa namba za silinda kwenye kibao chenye matundu manane. Kisha anachukua kioo cha kukuzia chenye taa, anakaa, na kwa dakika kadhaa hasemi neno.

Katika ufundi wote wa magari, hakuna kazi ninayopenda kuitazama kama hii. Huko Marekani kuna daraja la mbio za mstari mnyoofu liitwalo Pro Nitrous, ambamo injini za V8 zenye ujazo wa karibu lita 15 hulishwa gesi ya naitrasi oksaidi kwa umbali wa mita 201 tu. Watu wengi waliijua gesi hii kupitia filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001, ambamo kijana anabonyeza kitufe na gari linaruka. Kitufe kipo kweli. Ila siku nzima ya fundi inaisha kabla hakijaguswa.

Gesi yenyewe haiwaki. Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772, na mwaka 1844 daktari wa meno Horace Wells wa Connecticut aliivuta kisha akang'olewa jino. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani waliifunga kwenye ndege za kivita kama Messerschmitt Bf 109 ili injini zipate pumzi kule juu ambako hewa ni nyepesi. Siri yake ni oksijeni. Kwa uzito, oksijeni ni kama asilimia 23 ya hewa ya kawaida, na katika naitrasi ni asilimia 36. Joto la silinda linapoivunja gesi, oksijeni inaachiwa na petroli nyingi zaidi inaweza kuungua kwa mara moja. Nitrojeni inayobaki inatuliza moto. Mtego uko hapo hapo. Oksijeni ikizidi na petroli ikapungua, moto unakuwa mkali kupita kiasi, na aluminiamu ya pistoni huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Sekunde chache zinatosha kutoboa pistoni ya gharama kubwa.

Kwa hiyo fundi anaanza na mtungi, na anauanza kwa mizani. Anayepikia gesi nyumbani ataelewa mara moja: ndani mna kimiminika, na maadamu kimiminika kipo, geji ya presha haikuambii kimebaki kiasi gani. Uzito ndio unaosema. Geji ina kazi nyingine, nayo ni kumwonyesha kama mtungi una joto linalofaa. Mafundi wengi hutaka pauni 900 hadi 1,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo, kwa kulinganisha, hujazwa kama 32. Mtungi ukiwa wa baridi, gesi inatoka kidogo na gari linakuwa zito. Ukizidi joto, gesi inatoka nyingi kuliko petroli iliyopangiwa, na hatari inarudi ile ile. Zaidi ya hapo, nyuzi 36.4 ni mpaka: ukiuvuka, hakuna tena kimiminika ndani, na presha inapanda kwa kasi. Mtungi hupashwa kwa blanketi la umeme linalojizima lenyewe. Wapo wanaouelekezea moto wa kulehemu, na mitungi imewahi kupasuka na kuua. Fundi anayejua kazi yake hakai karibu na mtu huyo hata dakika moja.

Hata namna ya kuulaza ina hesabu. Ndani kuna mrija unaochota kimiminika chini. Gari linapochomoka, kila kitu kinakimbilia nyuma, kwa hiyo mtungi unalazwa valvu ikiwa mbele, ncha ya mrija ikibaki pale kimiminika kinapojikusanya. Ule moshi mweupe unaorushwa kabla ya mbio, ambao watazamaji huushangilia, nao una kazi: unatoa mvuke kwenye bomba ili kimiminika kifike mpaka mlangoni mwa injini.

Kuna pia ulinzi wa swichi zilizofungwa kwa mfuatano. Moja hairuhusu gesi mpaka mafuta yakanyagwe hadi mwisho. Nyingine inasubiri injini ifike mizunguko kama 3,000 kwa dakika, maana chini ya hapo mchanganyiko unaweza kujikusanya ndani ya manifoldi na kulipuka kurudi nyuma. Ya tatu inakata gesi presha ya petroli ikishuka. Cheche nazo zinacheleweshwa, kwa kawaida digrii 2 kwa kila nguvu za farasi 50 zinazoongezwa, kwa kuwa moto huu unakimbia kuliko ule wa hewa tupu.

Yote hayo yamekwisha kufanyika. Sasa plagi zinajibu.

Fundi anatazama kwanza ule mkono mwembamba wa chuma uliopinda juu ya ncha. Joto limeubadilisha rangi, na pale rangi inapokatika panamwonyesha kama cheche ilikuja mapema mno. Halafu anachungulia chini kabisa kwenye kauri, ndani ya ganda, akitafuta duara la rangi lililoachwa na petroli. Anachokiogopa ni vidoa vidogo vya kung'aa juu ya kauri nyeupe: hiyo ni aluminiamu ya pistoni, tayari imeanza kuondoka.

Saba ziko sawa. Ya silinda ya sita ina duara hafifu kuliko wenzake. Hakuna aliyesikia chochote, muda wa mbio ulikuwa mzuri, na dereva anataka gesi iongezwe. Fundi anafungua kisanduku cha jeti, vipande vidogo vya shaba vyenye tundu linalopimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Anachagua jeti ya petroli iliyo kubwa kwa namba moja tu, anaipuliza, anaiangalia kwenye mwanga, anaifunga kwenye silinda ya sita peke yake. Anaandika namba kwenye daftari. Kisha anaufungua mtungi kutoka kwenye gari na kuubeba kwenye mizani.